Kovu la Ubavuni

Mbuzi akishaning'inizwa na kupasuliwa, vitu hutoka kwa mpangilio ambao mchinjaji hakuusoma popote. Utumbo humwagika kwanza, wote kwa pamoja, na tumbo lililojaa majani. Unaingia kwenye beseni na kupelekwa kwa wanaouosha. Linafuata ini, na bandama. Figo hazitoki. Zinabaki zimeng'ang'ania mgongo, kila moja ndani ya bonge la mafuta meupe, na mara nyingi nyama hufika buchani ikiwa bado nazo. Asubuhi moja pale Mlowo nilimuuliza muuza nyama kwa nini iko hivyo, akanijibu bila kuinua kichwa: "Hizo si za tumboni, kaka. Hizo ni za mgongoni."

Vitabu vya udaktari vinasema hivyohivyo kwa kurasa nyingi zaidi. Matumbo yetu yamefungwa ndani ya utando mwembamba unaoteleza. Figo ziko nje ya utando huo, upande wa nyuma, chini ya mbavu za mwisho. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa karibu gramu 150. Zote mbili hupitisha takribani lita moja ya damu kila dakika, zikiichuja na kuirudisha, na kazi hiyo haihusiani kabisa na ugali ulioliwa mchana. Inakuwaje basi mtu afike hospitali akitoa choo cheusi, aingizwe kamera tumboni, na kinyama kinachokutwa kwenye utumbo wake kikiwekwa chini ya hadubini kionekane ni cha figo?

Jibu la kwanza ni la ujirani. Figo ya kulia haina utando ule wa kuitenga na sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, inayoitwa duodeni. Imeegemeana nayo mgongo kwa tumbo. Herophilus, tabibu wa Alexandria kule Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliipima duodeni kwa vidole vilivyopangwa ubavu kwa ubavu akapata kumi na viwili, na Wajerumani hadi leo wanaiita utumbo wa vidole kumi na viwili. Panga vidole vyako mezani, azima viwili vya mwenzako, utaona: ni kama sentimita 25. Figo ya kushoto nayo imepakana na mkia wa kongosho, bandama, na utumbo mpana unapoteremka. Uvimbe ukikua kwenye figo ya kulia ukapasua ganda lake, miongoni mwa wa kwanza kuguswa ni duodeni, kama mzizi wa mparachichi unavyoinua sakafu ya nyumba ya jirani. Na hata figo ikishatolewa, pale ilipokuwa panabaki shimo, na utumbo haupendi shimo. Unateremka na kukaa humo. Mabaki ya ugonjwa yakiota upya mahali pale yanaukuta utumbo umeshahamia.

Hilo ndilo jibu jepesi. Jibu gumu linahitaji dereva.

Dereva huyu nimemtunga. Nimemshona kwa vipande vya mambo ambayo madaktari wameyaandika kuhusu wagonjwa wengi wa nchi mbalimbali, nikamvika shati la Tunduma, kwa sababu wagonjwa wa kweli ni wachache na siri zao ni zao. Ana miaka 58. Amezaliwa pwani ya kusini, akaoa Tunduma, na kwa miaka zaidi ya 20 amekuwa akipandisha mizigo kwenda Zambia na Kongo na kushusha shaba hadi bandarini Dar es Salaam. Anavuta sigara tangu alipokuwa utingo. Uzito umempanda kwa miaka ya kukaa kwenye usukani, na presha yake ni ya juu, ingawa dawa anameza siku anazokumbuka. Sigara, unene na presha: ukimwomba mtaalamu yeyote wa figo akutajie vichocheo vya saratani ya figo kwa mtu mzima, ataanza na hivyo vitatu. Na wanaume huipata karibu mara mbili ya wanawake. (Watoto wana yao tofauti, inayoitwa uvimbe wa Wilms, ambayo ikiwahiwa inatibika vizuri. Hiyo haimo katika sura hii.)

Mwaka 2013, malori yakiwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, alikojoa damu kando ya gurudumu. Hakushtuka sana. Kule alikokulia, mtoto wa kiume kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida. Kichocho cha mkojo kiliwapata nusu ya wenzake waliokuwa wakioga mtoni, na nchi hii bado inatajwa kuwa ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa kichocho. Akapewa vidonge vya prazikwanteli. Damu ilikata. Miezi mitatu baadaye ikarudi, akaambiwa ni UTI, akapewa antibayotiki, ikakata tena.

Hapa ningeomba msomaji anivumilie nizungumzie mkojo kwa karibu, maana ndani yake mlikuwa na habari yote. Damu ya kichocho hutoka kibofuni, na mara nyingi huja mwishoni mwa haja ndogo: mkojo safi, kisha matone mekundu ya kumalizia. Damu ya figo imechanganyika na mkojo tangu unatengenezwa huko juu, kwa hiyo huwa nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho, au rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Pia ikiganda njiani, ndani ya mrija mwembamba unaoshuka kutoka kwenye figo hadi kibofuni, inachukua umbo la mrija huo. Inatoka vijiti virefu vyembamba, vyeusi, vinavyojinyonga. Dereva wetu alivyoviona aliamini ni minyoo, na akaamini kwamba dawa ya kichocho imewaua na sasa wanatoka. Akafurahi. Na damu ya figo ina tabia ya kukata yenyewe kwa wiki au miezi, ndiyo maana kila dawa iliyotangulia hupewa sifa isiyostahili.

Maumivu ya ubavu, damu kwenye mkojo, na uvimbe unaoshikika kwa mkono: hayo matatu yalifundishwa kwa vizazi vya madaktari kama alama za saratani ya figo. Yote matatu kwa pamoja huonekana kwa mgonjwa mmoja kati ya 10 hivi, na huyo mmoja kwa kawaida amechelewa. Katika nchi ambazo altrasaundi na sitiskani zimejaa kila kona, zaidi ya nusu ya saratani hizi hukutwa kwa bahati, mtu anapigwa picha kwa sababu ya mawe ya nyongo na daktari anaona kitu kingine pembeni. Huku kwetu bahati hiyo bado ni ndogo. Dereva alipigwa altrasaundi mwaka 2014 kwa sababu mkewe alikataa kumpa nauli ya kwenda kwa mganga. Figo ya kulia ilikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi. Ikatolewa. Akaambiwa, "Mzee, uvimbe umetoka wote." Akapewa karatasi mbili za majibu, akarudi Tunduma na kovu la kupinda lililoanzia ubavuni na kuishia karibu na kitovu.

Alihudhuria kliniki miaka miwili. Mwaka wa tatu alikuwa Lubumbashi tarehe ilipofika, wa nne hakukumbuka. Sipendi kumlaumu. Aliambiwa uvimbe umetoka wote, na aliyemwambia hakusema uongo.

*

Mwaka 1883 bingwa wa Kijerumani wa magonjwa ya tishu, Paul Grawitz, aliandika kuhusu vimbe za figo zenye rangi ya ajabu, ya njano kama mafuta ya samli. Kitu cha njano namna hiyo karibu na figo alikijua kimoja tu: tezi ya adrenali, inayokaa juu ya figo kama baragashia. Akahitimisha kwamba uvimbe huo umetokana na vipande vya adrenali vilivyopotea njia na kuzama ndani ya figo. Alikosea, lakini kosa lake lilikuwa na nguvu. Jina lililotokana nalo lilitumika hospitalini kwa karibu karne nzima, na wapo wazee wa udaktari wanaolitamka hadi leo.

Unjano ule ni mafuta. Seli za aina iliyo nyingi zaidi ya saratani ya figo, karibu robo tatu ya wagonjwa wazima, zimejaa mafuta na sukari ya akiba. Kipande cha uvimbe kikifika maabara hulowekwa kwenye spiriti hatua kwa hatua ili kikaushwe maji kabla ya kukatwa vipande vyembamba, na dawa zinazotumika humo huyeyusha mafuta yale na kuyaondoa. Ndipo mtaalamu anapoweka kioo chini ya hadubini akaona seli tupu, nyeupe, kama chumba kilichohamwa, zimezungukwa na vishipa vyembamba vya damu vilivyosukwa kama wavu. Kwa sababu hiyo zinaitwa seli angavu. Kwa macho ni za njano. Kwa hadubini hazina rangi. Nimeona picha zake nyingi na bado huwa naduwaa kidogo.

Ule wavu wa vishipa ndio siri ya tabia yote ya ugonjwa huu. Mwaka 1993 wanasayansi waliipata jeni inayoharibika katika familia zenye ugonjwa wa von Hippel na Lindau, mmoja daktari wa macho wa Ujerumani, mwingine mtaalamu wa tishu wa Uswidi. Baadaye ikaonekana kwamba jeni hiyohiyo imeharibika katika sehemu kubwa ya saratani za figo za watu wa kawaida. Kazi yake ikiwa nzima ni kama ya mtu anayezima king'ora. Seli ikikosa oksijeni hupiga king'ora cha kuomba mishipa mipya ya damu. Oksijeni ikirudi, king'ora huzimwa. Jeni ikifa, king'ora hakizimiki. Seli inaishi kwenye damu tele huku ikipiga kelele kwamba inakufa kwa kiu, na mwili, kwa wema wake, unaendelea kuisukia mishipa. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kueleza namna seli zinavyohisi oksijeni.

Kwa hiyo uvimbe wa figo ni mfuko wa damu, na popote utakapopeleka mtoto wake, mtoto atakuwa mfuko wa damu vilevile. Ukimwotea mtu kwenye utumbo, chakula kinapita juu yake mara tatu kwa siku, tindikali inamkwangua, anavuja.

*

Namna anavyofika huko ndiyo sehemu ngumu. Mtu akiandika kitabu akiwa Tunduma hushawishika kuufananisha mwili na mpaka, seli na malori, na ini na forodha. Nitajizuia, kwa sababu mfano huo unadanganya: lori linajua linakokwenda.

Seli ya saratani haijui. Uvimbe wa figo hupenda mno kuingia kwenye mshipa wa vena; kwa wagonjwa 4 hadi 10 kati ya kila 100 hukua ndani ya mshipa huo kama mhogo ndani ya bomba, na wengine hufika hadi kwenye chumba cha moyo. Seli zikikatika hapo husukumwa na moyo moja kwa moja kwenye mapafu, na ndiyo maana mapafu ndiyo yanayoongoza kwa kupokea ugonjwa huu, kisha mifupa, mitoki, ini, adrenali na ubongo. Utumbo uko mbali chini ya orodha. Ili seli ifike huko kwa njia ya damu lazima ipenye kwenye chujio la mapafu, irudi moyoni, itoke na ateri. Lakini iko njia ya panya. Oscar Batson, mtaalamu wa maumbile ya mwili huko Marekani, alionyesha mwaka 1940 kwamba vena zinazozunguka uti wa mgongo hazina vali, kwa hiyo mtu akikohoa, akijikamua au akiinua gunia, damu inaweza kurudi nyuma na kupita pembeni bila kugusa mapafu. Seli nyingine hupita kwenye mirija ya limfu.

Kufika ni jambo moja, kuota ni jingine. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa London, alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Ini lilikuwa limeathirika kwa 241 kati yao. Bandama, ambayo nayo hupata damu nyingi, kwa 17 tu. Ingekuwa ni suala la damu kupeleka mbegu, alisema, tofauti hiyo isingekuwapo. Lazima na udongo una neno. Mkulima wa Mbozi hahitaji kusomewa hilo. Mche wa kahawa unaostawi pale juu kwenye ubaridi, ukiuteremsha Kamsamba kwenye joto la bonde la Rukwa, utakuonyesha kazi ya udongo na hewa kabla ya msimu kwisha.

Kwa saratani ya figo, utumbo ni udongo mbaya. Lakini si mbaya kabisa, na mbegu hii ina subira ya kutisha. Ziko taarifa za wagonjwa walioonekana na uvimbe wa figo kwenye tumbo au utumbo miaka 10, 15, hata zaidi ya 20 baada ya figo kutolewa. Miaka yote hiyo seli zilikuwa zimelala mahali fulani, hazikui, hazifi. Saratani nyingi ukishapita miaka mitano bila kuziona unaanza kupumua. Hii haina adabu hiyo.

*

Turudi Tunduma, mwaka 2023. Dereva anachoka akipanda ngazi za kichwa cha lori. Utingo ndiye anayekaza maturubai peke yake sasa. Viganja vimepauka. Choo chake kimekuwa cheusi, kinang'aa, kinanata kwenye sinki hata ukimwaga ndoo ya maji, na kina harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Ni harufu ya damu iliyopikwa na tindikali. Madaktari wanakiita choo cha lami, na dereva wa barabara hii hahitaji kuelezwa lami ni nini.

Zahanati ya kwanza ilipima wingi wa damu, ikakuta 6. Wakamwuliza kama anatumia dawa za maumivu. Anatumia: diklofenaki, kila safari, kwa mgongo, ananunua kwenye duka la dawa kama anavyonunua vocha. Basi ni vidonda vya tumbo. Hilo ni wazo la busara kabisa, na mimi ningekuwa nimekaa kwenye kiti kile ningeandika hivyohivyo. Diklofenaki hutoboa matumbo ya watu wengi kuliko saratani zote za figo za dunia zikijumlishwa. Akapewa omeprazo, akapewa FEFO za kuongeza damu. Na FEFO, kwa kuwa ni madini ya chuma, nazo hufanya choo kuwa cheusi. Kwa hiyo kuanzia siku ile weusi wa choo haukuwa tena na maana yoyote kwa mtu yeyote. Mkewe akiuliza anajibiwa, "Ni zile dawa, mama." Wiki sita zilipita namna hiyo.

Saratani zote za figo duniani zilikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 430,000 mwaka 2022, na vifo zaidi ya 155,000. Tanzania kwa mwaka ina wagonjwa wapya wa saratani za aina zote zaidi ya 40,000 kwa makadirio, na wengi wao ni wa shingo ya kizazi, matiti, tezi dume, umio. Figo ni sehemu ndogo, na figo iliyosambaa hadi utumboni ni punje ndani ya sehemu hiyo. Mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi hadi anastaafu asikutane nayo. Sidai ailenge. Nadai kitu cha bei rahisi zaidi: kwamba amwambie mgonjwa avue shati, kisha aulize.

Maana kovu lilikuwa pale. Lina urefu wa shibiri na nusu. Lilionwa na watu watatu katika vituo viwili, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu tunayo mazoea ya kutibu kinachouma leo. Na hata wangeuliza, wangepata jibu gani? Mkoani Songwe, kama kwingi nchini, rekodi ya afya ya mtu wa kawaida ni daftari la shule. Unalinunua nje ya geti la zahanati, la kurasa 32 au 48, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Daktari anaandika humo, unakwenda nalo nyumbani. Likijaa unanunua jingine. Likilowa, likipotea, mtoto akilichorea nyumba na jua, unanunua jingine, na ukurasa wa kwanza unaanza na ugonjwa wa siku hiyo kana kwamba ulizaliwa asubuhi ile. Mtu wa Tunduma ana tatizo la ziada: anaweza kuwa amepasuliwa Nakonde, au Ndola, au Lusaka, na daftari lake limeandikwa kwa mfumo wa nchi nyingine. Ugonjwa unaoweza kulala miaka 20 tunaupiganisha na daftari la kurasa 48.

Mbeya, kilomita takribani 100, alikwenda kwa kosta akiwa amelala kwenye bega la mkewe kuanzia Mpemba. Aliongezewa damu chupa tatu, mbili zikiwa za vijana wa familia waliofuata na kosta ya jioni. Kisha akaingizwa kamera.

Umio safi. Tumbo lina wekundu kidogo, ule wa diklofenaki. Kamera ikapita mlango wa tumbo, ikaingia duodeni, ikashuka. Pale kwenye ukuta uliotazamana na mahali ilipokuwa figo, kulikuwa na kinundu chekundu cha ukubwa wa tunda la kahawa lililoiva, juu yake kimechimbika kidonda, na pembeni damu mbichi ikitambaa. Daktari alipokigusa kwa koleo kikatoa damu nyingi kuliko alivyotarajia. Akachukua vipande viwili badala ya sita, akamwagia dawa ya kubana mishipa, akatoka haraka.

Nesi aliyekuwa anamgeuza mgonjwa ndiye aliyeuliza.

"Baba, hapa ulipasuliwa nini?"

"Jiwe, mwanangu."

"Jiwe la figo?"

"Walisema uvimbe. Lakini ulikuwa kama jiwe."

*

Ukweli wa tiba nitausema kwa ufupi, kwa sababu ni mfupi. Kinundu kikiwa kimoja tu, na mtu ana nguvu, kukikata ndiyo dawa bora, na wapo walioishi miaka mingi baadaye. Kwenye utumbo mwembamba wa katikati ni kazi ya kukata kipande na kuunganisha ncha. Kwenye duodeni inaweza kulazimu kuondoa na kichwa cha kongosho, upasuaji ambao hata hospitali kubwa huuendea kwa tahadhari. Mishipa inayolisha uvimbe inaweza kuzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya ateri kutoka kwenye paja, fani ambayo Muhimbili ilianza kuifundisha mwishoni mwa miaka ya 2010. Mionzi ya kawaida saratani hii huihimili. Kemotherapi, zile dripu ambazo watu wakisikia saratani ndizo wanazozifikiria, karibu haifanyi kitu. Mgonjwa akiambiwa hapewi asidhani ametelekezwa. Vidonge vinavyozima king'ora cha mishipa, kama sunitinib, viliidhinishwa Marekani mwaka 2006, na dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama nivolumab, zikaruhusiwa kwa figo mwaka 2015. Zimerefusha maisha ya watu wengi. Bei yake kwa mwezi si mazungumzo ya dereva.

Kutoka Tunduma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo sehemu yake ni jengo la Wajerumani lililofunguliwa 1897 ufukweni mwa Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900. Kutoka Nakonde, ng'ambo ya geti, kwenda Hospitali ya Saratani ya Lusaka ni takribani 1,000. Mji umekaa karibu nusu ya njia kati ya hospitali hizo mbili. Kwa mizigo nafasi hiyo ni utajiri. Mwenye damu 6 huiona tofauti.

Lakini hakuna hata moja kati ya tiba hizo inayoanza kabla kipande kile hakijasomwa. Na kipande ni kidogo, kama punje mbili za mchele. Mtaalamu wa maabara akipewa punje mbili kutoka duodeni bila maelezo yoyote, ataona seli tupu nyeupe na atalazimika kukisia: zipo saratani za utumbo wenyewe, za kongosho na za nyongo zinazoweza kuvaa sura hiyo. Ipo rangi maalumu inayoshika seli za figo na kuziacha za utumbo, lakini lazima uwe na sababu ya kuiagiza. Kwenye fomu ya maabara kuna mstari wa maelezo ya mgonjwa. Nimeziona fomu za namna hiyo, nyingi, na mstari huo ama umeandikwa "kidonda cha tumbo" ama hauna kitu.

Mkewe alirudi Tunduma usiku uleule. Kwenye begi la nguo za sherehe, chini, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya kiwanja cha Chapwa, kulikuwa na mfuko wa rambo, ile ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019. Hakuufungua. Aliupakata hadi Vwawa, hadi Mlowo, hadi Mbalizi, na saa tatu asubuhi akampa yule nesi, shikamoo zikiwa bado zinajibiwa na watu wengine kwenye benchi.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne, wino wa kompyuta umefifia kwenye mikunjo. Daktari alisoma ya pili akiwa amesimama: figo ya kulia, uvimbe wa sentimita 9, seli angavu, umeingia kwenye mafuta yanayozunguka figo. 2014. Akauliza kama vile vipande viwili vimeshapelekwa maabara. Bado, vipo kwenye kichupa, mhudumu anasubiri fomu. Akaomba fomu, akavuta kiti, akatafuta kalamu inayoandika.

"Mama," alisema bila kuinua macho, "hii karatasi nitaitoa kopi. Ya kwako uirudishe kwenye mfuko wake."